Ukiitwa Mtoni Usiitike

Mama anahama. Nyumba ya serikali tuliyopewa tulipofika nchi hii itabomolewa pamoja na mtaa mzima, na yeye amepata sehemu ndogo kule Ingleburn, karibu na stesheni ya treni. Mwezi uliopita nilikwenda kwake Macquarie Fields, pembeni mwa Sydney, kumsaidia kufunga vyombo. Tulifunga masufuria, tukafunga mablanketi, na alasiri nikamwambia nakwenda kunyoosha miguu kidogo. Hakuniuliza naelekea wapi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita geti, nikashuka kile kijia kinachopita katikati ya mikalitusi hadi mtoni.

Ulikuwa mwezi wa kumi, jua limeanza kuuma na magome ya miti yananing'inia kama nguo zilizochanika. Kabla sijauona mto niliusikia. Chwaa. Kimya. Chwaa, chwaa. Sauti ya mtu anayetembea kwenye maji huku akijitahidi asisikike, kisha wa pili, kisha wengi. Najua ni nini. Mimi ni mtu mzima, nafanya kazi hospitali, nina mtoto anayeanza shule mwakani, na najua vizuri kabisa kwamba ni samaki. Hata hivyo nilisimama pale kwenye kijia, nikasikiliza.

Kaa nami kidogo, rafiki yangu, nikusimulie habari za mto huo na za Bibi yangu.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile: Bibi, Mama na mimi. Baba alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, ambako mimi nilizaliwa. Hapa Sydney Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, leo shifti ya asubuhi, kesho ya jioni, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi. Nikirudi shuleni namkuta bustanini, amejifunga kitenge kiunoni, anapalilia maharage na lengalenga, mchicha wa kwao, alizozipanda hadi kwenye uzio. Udongo wa pale ulikuwa mgumu kama kigae. Yeye aliumwagia maji ya kuoshea vyombo na maganda ya ndizi mpaka ukalainika. Nilimsalimia kwa Kiswahili, nikala, kisha maswali yake yote mengine nikamjibu kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuijua hata neno. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Watoto wa mtaa wetu wote tulikuwa hivyo.

Jumamosi tulipanda treni kwenda Cabramatta. Huko Bibi alipata mihogo, ndizi za kupika na majani ya matembele, na alijadiliana bei na wauzaji wa Kivietinamu kwa vidole na kwa kicheko. Lakini mbele ya duka la samaki hakucheka. Walikuwa na matangi ya vioo, samaki hai wamebanana ndani yake. Bibi alisimama pale muda mrefu, uso karibu na kioo, nami nikamvuta kanga kwa sababu watu walikuwa wanatutazama.

Alikuwa na miiko mingi ya maji, na alinifundisha mapema, tangu wiki ya kwanza tulipogundua kwamba nyuma ya nyumba kuna mto. Usiupe mto mgongo ukiwa unanawa miguu. Usicheke ukiwa kwenye matete. Na kuliko yote: ukiitwa mtoni usiitike. Hata ukiitwa kwa jina lako. Hata kama sauti unaijua. Hili alilirudia akinishika kidevu ili nimtazame machoni. Nilidhani ni mambo ya mashetani ya majini, kama hadithi za watoto wenzangu kanisani, nikaliogopa na kulifurahia kwa pamoja, jinsi watoto wanavyofurahia vitu vya kutisha.

Aliyetupeleka kuvua ni jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongo wa Uvira, mtu mrefu mkimya aliyefanya kazi kwenye ghala la magodoro Ingleburn. Sote tulimwita Anko. Aliishi peke yake. Sebule yake ilikuwa na televisheni, kiti kimoja na fimbo za kuvulia zilizoegemezwa ukutani kama wageni waliokosa pa kukaa. Jumapili baada ya kanisa alibadili suruali, akachukua ndoo, wavu wenye mpini mrefu na fimbo mbili, akapita kwetu kubisha hodi.

Samaki tuliyemtafuta alikuwa mmoja tu. Wenyeji wana jina lao kwa samaki huyo, jina fupi ambalo wakilitamka mwisho wake unamezwa, na sikio la Bibi likasikia "kapu". Basi kwetu akawa kapu, na kusema kweli alistahili, maana tumbo lake ni la mviringo kama kapu la sokoni. Hakuwa samaki wa nchi hii. Aliletwa zamani kutoka ng'ambo, akazaana kupita kiasi, akachafua mito, na sasa anachukiwa na kila mtu. Ukimtoa majini hutakiwi kumrudisha akiwa hai. Wazungu waliopita pale na mbwa wao walituona tukimweka kwenye ndoo wakakunja nyuso. Mmoja aliuliza kama kweli tutamla. Anko akasema ndiyo, na pilipili.

Chambo kilikuwa ugali. Anko alikuwa amejaribu minyoo na mahindi ya kopo, lakini siku moja alikuja na kiporo cha ugali wa Bibi, akakikanda na sukari na matone ya vanila hadi kikanata, akakifinyanga kwenye ndoana, na kabla hajakaa chini fimbo ikapinda. Bibi alicheka siku hiyo. "Hata samaki wa huku wanakula ugali," alisema, "na nyinyi mnasema tumepotea." Toka hapo kila Jumapili alipika ugali wa ziada.

Sehemu yetu ilikuwa kona moja ambapo mto unajikunja na maji yanasimama. Upande wetu kulikuwa na matete, ng'ambo mwamba wa mchanga uliochimbwa na mafuriko mpaka ukawa kama midomo. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Katikati ya matete kulikuwa na kitoroli cha dukani kilichozama, magurudumu juu, na kwenye shina la mti mmoja mtu alikuwa amefunga maua ya plastiki yaliyopauka kwa jua. Nilimuuliza Anko ni ya nani. Alisema kuna kijana aliogelea hapo, zamani, kabla yetu. Akarudi kwenye fimbo zake.

Kuvua kapu ni kungoja. Anko alichomeka fimbo kwenye uma wa mti, akaning'iniza kengele ndogo kwenye ncha, nasi tukakaa kimya tukisikiliza nyenje. Mlio wao ulijaa masikioni mpaka ukafikiri ni kichwa chako kinacholia. Halafu ghafla wanaacha, wote, na katika ukimya ule kengele inalia mara moja. Kapu haumi kwa pupa. Ananyonya, anatema, ananyonya tena. Anko alikuwa anatabasamu bila kugeuka. Akiisha kumnasa, samaki hakurukaruka kama samaki wengine. Alivuta tu, chini, polepole, kama mtu anayekushika mkono gizani.

Mara ya kwanza nilipomwona kwenye majani nilirudi nyuma. Magamba makubwa ya rangi ya shaba, ndevu pembeni mwa mdomo, na mdomo wenyewe ukifumba na kufumbua, ukifumba na kufumbua, kana kwamba anajaribu kusema neno moja.

"Usiogope, mtoto," Anko alisema. "Hii samaki haina meno kwa mdomo. Inanyonya tu."

Bibi alijua kumpika. Kapu ananuka tope, kwa hiyo alimkata, akamtoa ule mstari mweusi wa ubavuni, akamlaza kwenye chumvi na ndimu, akamkaanga hadi akakauka, ndipo akamtia kwenye nyanya, vitunguu na mawese. Harufu ya mawese ikichanganyika na ya mikalitusi iliyoingia dirishani! Sijapata kuinusa tena popote. Tulikula mimi, Bibi na Anko, tukitema miiba pembeni mwa sahani. Mama hakula. Akirudi kazini akaikuta harufu hiyo alifungua madirisha yote, hata wakati wa baridi, akajikaangia yai. Wala hakukanyaga mtoni hata siku moja. Nilipomuuliza Bibi, alisema mama yako ana sababu zake, akaendelea kuosha sahani.

Sijui Bibi alianza kubadilika lini. Nadhani nililiona siku ya samaki wa kwenye karo la kufulia. Anko alikuwa ametuletea kapu mkubwa aliyefungwa kwenye gunia bichi, tukamlaza kwenye karo tukidhani amekufa, maana alikuwa ametoka majini tangu asubuhi. Kapu hafi upesi. Jioni nilisikia kitu kinapigapiga kule nyuma. Nilimkuta Bibi amefungua bomba, karo limejaa, na samaki yuko hai, anazunguka polepole katika maji yasiyomtosha. Bibi alikuwa amepiga magoti, mikono imeshika ukingo.

"Tazama," aliniambia kwa upole sana. "Alikuwa kimya tu. Hakuwa amekufa."

Kisha akaniita jina ambalo si langu. Aliniita Goreti.

Nilifikiri amekosea. Lakini wiki iliyofuata alikosea tena, akiwa ananisuka, na tena alipokuwa ananikabidhi sahani. Maharage yakaanza kuungua jikoni. Siku moja nilimkuta amesimama kituo cha basi na ndoo kichwani, anauliza wapita njia kwa Kirundi, lugha ya kwao, foleni ya maji ni ipi. Mama alimpeleka kwa daktari, daktari akasema maneno marefu kuhusu kusahau kwa wazee.

Siku hiyo nilimuuliza Mama Goreti ni nani. Alikuwa anakoroga uji. Mwiko ulisimama.

"Nani amekutajia jina hilo?"

"Bibi. Ananiita hivyo."

Aliuweka mwiko kando, akazima jiko, akainama mpaka nyuso zetu zikawa sawa. "Akikuita hivyo, usiitike. Umenisikia? Mwambie, Bibi, mimi ni mjukuu wako. Lakini jina hilo usiliitikie."

Nikafanya kama nilivyoambiwa. Bibi aliponiita Goreti nilinyamaza, nikatazama sakafu, mpaka akasahau alichokuwa anataka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko unavyodhani, kunyamaza mbele ya mtu anayekupenda.

Ndipo ukaja mwezi wa kumi. Katika majira hayo kapu huingia kwenye maji mafupi kutaga mayai, na wakitaga wanapigapiga matete kwa mikia, makundi kwa makundi, mchana kutwa. Hatukujua. Tulikuwa tumekaa mahali petu Jumapili moja, kengele ziko kimya, mara nyuma ya matete tukasikia chwaa. Kisha tena, karibu zaidi. Matete yakatikisika bila upepo.

Bibi alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kama jivu.

"Wanavuka," alisema.

"Hapana, Mama," Anko alimwambia. "Ni samaki. Iko nataga mayai."

"Wanavuka," alirudia, kwa kunong'ona, na akaweka kidole mdomoni kututaka tunyamaze. Alisikiliza hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya miti. Kila sauti ilipokuja midomo yake ilitikisika kidogo. Alikuwa anahesabu.

Anko alisema tusimpeleke tena mtoni mpaka msimu ule uishe. Mama naye akafunga geti la nyuma kwa waya. Mvua ikaja, mvua ya siku kadhaa ile inayotoka milimani upande wa kusini, na kitandani tulikuwa tunausikia mto ukinguruma ambapo kwa kawaida hatukuusikia kabisa. Bibi hakulala. Asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, ananiuliza kama watoto wote wameshaamka.

Siku mvua ilipokatika jua lilitoka kali, na kila kitu kikafuka mvuke. Mama alikuwa kazini. Nilirudi shuleni, nikaweka begi chini, nikanusa maharage yanaungua. Nilizima jiko. Nikaita Bibi, hakujibu. Nikaenda bustanini, nikaona mti wa kutambazia maharage umelala chini, na waya wa geti umekatwa kwa kisu cha jikoni. Kisu kilikuwa kimewekwa vizuri juu ya nguzo, kama cha mtu anayetarajia kurudi kukichukua.

Nilikimbia kwa Anko, nikagonga mlango kwa ngumi. Alikuwa amelala, ametoka shifti. Alinitazama usoni, akashika kile alichokikuta mlangoni, ambacho kilikuwa wavu wake wenye mpini, tukashuka mtoni tukikimbia.

Mahali petu hapakuwepo. Mto ulikuwa umepanda ukameza ukingo, ukaingia kwenye nyasi hadi kwenye mti wenye maua ya plastiki. Katikati maji yalikwenda kasi, ya hudhurungi, yamebeba matawi na povu. Lakini huku pembeni, juu ya nyasi zilizozama, yalikuwa yametulia, na yalikuwa yamejaa samaki. Migongo yao ilitoka nje ya maji kama magogo yanayogeuka. Walikuwa wanapiga, wanasukumana, wanapanda juu ya nyasi, mamia yao nadhani, na kelele yao ilikuwa kelele ya kijiji kizima kinachokimbia majini.

Bibi alikuwa katikati yao. Maji yalimfika kiunoni, kitenge kinaelea nyuma yake. Hatua chache mbele yake nyasi ziliisha na mto wenyewe ukaanza. Alikuwa anaita.

"Goreti! Goreti we!"

Anko aliingia majini moja kwa moja. "Mama, simama hapo, ninakuja," alisema. Bibi aligeuka akamwona. Sijui alimwona nani. Aliona mwanamume anakuja majini na mti mrefu mkononi. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akarudi nyuma, kuelekea kwenye maji yale yanayokwenda kasi. Anko akasimama palepale. Akapiga hatua moja zaidi, naye Bibi akarudi nyuma hatua moja. Maji sasa yalikuwa kifuani mwake, na kitenge kimeanza kuvutwa na mto.

Anko alirudi nyuma taratibu, mikono wazi, mpaka akafika nilipo. "Mimi ananikimbia," alisema. "Zungumza naye wewe."

Niliita Bibi. Niliita kwa Kiswahili, nikaita kwa Kiingereza, lugha niliyokuwa naitumia kila siku, na hakunisikia. Alikuwa ananitazama lakini macho yake yalikuwa yanapita, yanatafuta nyuma yangu, kwenye matete. "Goreti," aliita tena, sasa kwa sauti ndogo iliyochoka, sauti ya mtu ambaye ameita kwa miaka.

Nilikuwa nimekatazwa mara mbili. Na Bibi mwenyewe, na Mama. Niliingia majini hata hivyo. Anko alinishikisha mpini wa wavu, yeye ameshika upande wa pili, nikaenda juu ya nyasi laini zinazoteleza, samaki wakinigonga miguuni, wazito, baridi, wasionijali. Maji yaliponifika tumboni nikasimama. Kirundi changu kilikuwa kidogo, kile nilichokisikia wakiongea wao wawili. Kilitosha.

"Mama," nilisema. "Ndi hano." Niko hapa.

Naomba uniamini nikikwambia kwamba samaki waliacha. Anko baadaye alisema ni kawaida, wanasikia mtikisiko wa mtu majini wakanyamaza. Huenda. Kelele yote ile ilikatika mara moja, ukabaki mto tu unaonguruma ng'ambo, na Bibi akanitazama. Safari hii macho yake yalinifikia. Alitembea kuja kwangu, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka alama zake zikakaa siku nyingi.

"Mbona hukuitika?" aliniuliza. "Nimekuita. Nimekuita sana. Mbona hukuitika?"

Nilimwambia ukweli.

"Niliambiwa nisiitike."

Alifumba macho. Maji yalimtiririka usoni, ya mto na ya kwake. "Ni mimi niliyekuambia," alisema.

Anko alivuta mpini, tukatoka.

Mama aliporudi alimkuta Bibi amelala, amefunikwa mablanketi, chai ya tangawizi pembeni. Alimkuta Anko amekaa kwenye ngazi za nyuma na nguo mbichi, ameshindwa kwenda kwake. Mimi alinikuta chumba cha kufulia, nasuuza tope. Nilimweleza yote. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ukaitika?"

"Niliitika."

Nilingoja anikaripie. Alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye karo, na hapo ndipo aliponisimulia, huku akitazama mikono yake. Goreti alikuwa mdogo wake. Walipokimbia vita walifika Mto Malagarasi, mpakani, alfajiri, wakajificha kwenye matete kabla ya kuvuka. Askari walikuwa ukingoni, nao walikuwa na ujanja: wakisikia majina ya watu wanayashika, kisha wanayaita, na anayeitika anapatikana. Bibi aliwaambia wanawe wawili, mkiitwa mtoni msiitike. Hata kwa majina yenu. Hata kama sauti mnaijua. Akawashika mikono wakaingia majini. Katikati mkono mmoja ukateleza. Walipofika ng'ambo Bibi aligeuka akaita, mwanzo kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kisha kwa kelele, bila kujali askari.

"Goreti alikuwa mtoto msikivu," Mama alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mkaidi. Mpaka leo hatujui kama alikuwa ameshazama, au alikuwa kwenye matete, anatusikia."

Bibi hakwenda tena mtoni. Geti lilibaki bila waya na hakuligusa. Alilala usiku kucha, alikula, alipalilia, na maharage yalipoungua alicheka. Aliniita Goreti mpaka alipofariki, majira ya baridi ya mwaka uliofuata, na Mama hakunikataza tena. Nilikuwa naitika.

Anko alivua mwaka mmoja zaidi, peke yake, halafu akapata kazi Queensland, akazigawa zile fimbo. Alipiga simu Krismasi chache. Lengalenga zilijiotea zenyewe miaka kadhaa bila mtu kuzipanda, kisha nazo zikakoma, na sasa watakuja na mashine zao kuchimba msingi mpya mahali pale. Kirundi kile kidogo kimenitoka, mimi na Mama tunaongea Kiswahili. Mwanangu Kiswahili anakielewa, anajibu kwa Kiingereza. Nikimwambia tulikuwa tunakula kapu anakunja uso kama wale Wazungu wenye mbwa.

Siku ile ya kufunga vyombo sikufika majini. Nilisimama kwenye kijia mpaka nikatosheka, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anashusha picha za ukutani, anazifunga kwenye magazeti: mimi na sare ya shule, mimi na joho la chuo, Bibi na kitenge chake cha kanisani. Nikamuuliza kama kuna picha ya Goreti mahali popote. Alisema haikuwahi kupigwa. Aliyeijua sura yake vizuri alikuwa Bibi.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Unaikumbuka?"

Aliendelea kufunga, akazungusha gazeti, akakunja pembe.

"Nilikuwa naikumbuka," alisema. "Miaka mingi nilikuwa naikumbuka. Sasa nikijaribu kumwona, naona wewe."

Nilipokea picha mkononi mwake, nikaiweka kwenye boksi, nikashika nyingine.